William Homan Thorpe na Wimbo wa Ndege Wawili

Aliyekulia Mikinduri, kwenye miteremko ya milima ya Nyambene katika Kaunti ya Meru, anaufahamu wimbo ninaokusudia kuuzungumzia hata kama hajawahi kumwona mwimbaji. Alfajiri, kabla ya watu kutoka kwenda mashambani, husikika kutoka kichakani sauti mbili au tatu nzito, laini, mfano wa filimbi. Papo hapo hufuata mkwaruzo mkavu usiolingana kabisa na zile za kwanza. Kisha kimya. Kisha wimbo huohuo tena, kwa mpangilio uleule. Utotoni mwangu hakuna aliyewahi kunieleza ni ndege gani, nami sikuuliza. Niliamini tu kwamba ni ndege mmoja mwenye makoo mawili.

Imani hiyo nilikwenda nayo hadi chuo kikuu. Nilipokuwa nikisoma fonetiki, na kutafuta maktabani jinsi sauti ya binadamu inavyochorwa kwenye karatasi ili ichunguzwe, nilikutana na jina la William Homan Thorpe, Mwingereza ambaye mashine ileile ya wanafonetiki aliitumia kuchora sauti za ndege. Miongoni mwa ndege aliowaandikia makala alikuwemo yule wa kichakani kwetu. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba waimbaji ni wawili. Makala haya yananuia kumsimulia mtaalamu huyo, kwa kuwa mchango wake unahusu jambo linalotugusa sisi tunaosoma lugha: kipi katika usemi tunazaliwa nacho, na kipi tunafunzwa na wenzetu.

Kwanza tumtambue ndege mwenyewe. Ni wa jamii ya tiva, mgongo mweusi, tumbo jeupe, na mstari mweupe ubavuni mwa bawa. Hujificha sana, ndiyo maana sauti yake inajulikana kuliko sura yake. Enzi za Thorpe tiva wa bara na wa pwani waliwekwa katika spishi moja iliyoitwa Laniarius aethiopicus. Kuanzia mwaka 2008 wataalamu wamewatenganisha: yule wa nyanda za juu za Kenya, wa kwetu Meru akiwa mmoja wao, anaitwa Laniarius major, na yule wa pwani Laniarius sublacteus. Sidai kwamba Thorpe aliwahi kukanyaga Mikinduri. Ninalosema ni kwamba ndege aliyembadilishia fikra zake ni jirani yetu.

Thorpe alizaliwa tarehe 1 Aprili 1902 huko Hastings, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Alisoma katika shule ya Mill Hill, kisha akajiunga na Chuo cha Jesus katika Chuo Kikuu cha Cambridge, mahali alipokuja kufundisha kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Tangu ujana alikuwa mpenzi wa ndege, lakini kazi iliyompa riziki mwanzoni ilikuwa ya wadudu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikwenda Marekani kwa ufadhili wa Rockefeller, na huko California alichunguza nzi wa ajabu ambaye mabuu yake huishi ndani ya vidimbwi vya mafuta yasiyosafishwa. Matokeo ya uchunguzi huo yalichapishwa mwaka 1930. Baadaye alifanya kazi katika maabara moja ya Uingereza iliyoshughulikia wadudu wanaoweza kutumiwa kuangamiza wadudu waharibifu wa mimea, na mwaka 1932 akawa mhadhiri wa elimu ya wadudu huko Cambridge.

Ni mdudu mmoja aliyemwelekeza kwenye swali la kujifunza. Alikuwa nyigu mdogo aitwaye Nemeritis, ambaye hutaga mayai ndani ya viwavi vya nondo wa unga ili watoto wake wapate chakula. Thorpe na mwenzake Jones waliwalea nyigu hao ndani ya viwavi vya nondo mwingine, yule anayeharibu masega ya nyuki. Walipokomaa, nyigu hao walivutiwa na harufu ya nondo aliyewalea, jambo ambalo nyigu wa kawaida hawakulifanya. Hata hivyo, mvuto wao wa asili kwa nondo wa unga haukufutika. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1937. Msomaji na ayaweke akilini: kiumbe mdogo kiasi hicho, ambaye kila mtu alimdhania kuwa anaendeshwa na silika pekee, alikuwa na nafasi ya kufunzwa na malezi, ila nafasi yenye mipaka. Naona kwamba kazi zote za Thorpe zilizofuata zilikuwa ni kulipanua wazo hilo.

Mwaka 1939 alipata ufadhili wa Leverhulme wa kufanya utafiti Afrika Mashariki. Vita Kuu vya Pili vilikuwa vinabisha hodi. Thorpe alikuwa muumini wa madhehebu ya Kwekwa, watu wasioamini katika vita, naye alishikilia msimamo huo. Baada ya vita aliacha wadudu kidogo kidogo akawageukia ndege, akisukumwa na mjadala uliokuwa umepamba moto wakati huo. Upande mmoja walikuwepo wataalamu wa bara Ulaya, Konrad Lorenz na Niko Tinbergen wakiwa mbele, waliosisitiza silika. Upande wa pili, hasa Marekani, walikuwepo wanasaikolojia walioamini kwamba karibu kila tendo hutokana na kufunzwa, na waliowatazama panya wa maabara zaidi ya kiumbe kingine chochote. Thorpe alitafuta kiumbe ambaye kwake mambo hayo mawili yangeweza kupimwa pamoja. Alimchagua chiriku wa Ulaya, Fringilla coelebs, ndege wa kawaida kabisa katika bustani za Uingereza.

Mwaka 1950 alianzisha kituo cha kuchunguzia ndege katika kijiji cha Madingley, kilomita chache kutoka mjini Cambridge, na Robert Hinde akateuliwa kukisimamia. Mwaka uliofuata Thorpe alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa ya wanasayansi wa nchi yake.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitekeleza. Wimbo wa chiriku huyo huchukua sekunde mbili hivi. Tukitumia istilahi za ushairi wetu, una vipande vitatu vinavyoshuka, na mwishoni una kibwagizo cha madaha. Thorpe aliwatwaa makinda wachanga wakiwa bado viotoni, akawalisha kwa mkono na kuwalea katika vyumba visivyoingia sauti, kila mmoja peke yake, ili wasisikie wimbo wa ndege mzima hata mara moja. Walipofikia umri wa kuimba, waliimba. Urefu wa wimbo wao ulikuwa karibu sawa na wa kawaida, na idadi ya mizani haikuwa mbali sana. Lakini vipande havikutengana, na kibwagizo hakikuwepo. Ulikuwa wimbo usio na beti.

Kundi la pili lilikuwa la ndege walionaswa majira ya vuli ya mwaka wao wa kwanza, wakati ambapo walikwisha kuwasikia wakubwa wao wakiimba lakini wao wenyewe hawajaanza. Hao nao waliwekwa mbali na waimbaji. Majira ya kuchipua yalipowadia, walitoa wimbo uliokaribia sana ule kamili. Kumbe walikuwa wameuhifadhi akilini kwa miezi mingi bila kuutamka. Kundi la tatu ndilo linalonivutia zaidi: makinda waliolelewa pamoja bila mkubwa yeyote. Walisikilizana wao kwa wao, wakaigana, na hatimaye wakawa na wimbo wa kundi lao, usiofanana na wimbo wa chiriku yeyote wa porini. Thorpe aliona pia kwamba mlango wa kujifunza hufungwa: chiriku akishafikia umri wa takriban miezi kumi na mitatu, wimbo alio nao ndio atakaokuwa nao maisha yake yote. Aidha, alipochezewa nyimbo za spishi nyingine, kwa kawaida hakuziiga. Alizaliwa na sikio linalojua ni wimbo wa namna gani unaofaa kuigwa.

Mambo haya yote yangekuwa maneno matupu kama Thorpe angetegemea sikio lake. Wataalamu waliomtangulia waliandika wimbo wa ndege kwa noti za muziki au kwa silabi za kubuni, na hakuna wawili waliokubaliana. Wakati wa vita, maabara za kampuni ya simu ya Bell huko Marekani zilitengeneza spektrografu ya sauti, mashine inayochora usemi kwenye karatasi ikionyesha muda kwa mlalo na kimo cha sauti kwa wima. Wanafonetiki waliishangilia, na hadi leo mwanafunzi wa fonetiki akustika huanza na michoro ya namna hiyo. Thorpe alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuiona faida yake kwa ndege, na makala yake ya mwaka 1954 kuhusu jinsi chiriku anavyojifunza wimbo yalijengwa juu ya michoro hiyo. Tangu hapo mtu aliweza kuulinganisha wimbo wa kinda na wa baba yake kama tunavyolinganisha nakala mbili za utenzi mmoja.

Hapa sina budi kumtaja mwanafunzi wake Peter Marler, aliyekuja kwake akiwa tayari ni mtaalamu wa mimea. Marler alichapisha mwaka 1952 uchunguzi ulioonyesha kwamba chiriku wa bonde moja huimba tofauti na wa bonde la pili. Wataalamu waliziita tofauti hizo lahaja, na sioni kwamba wamekosea kutuazima neno. Kwetu Meru tunavuka mto tu, tunatoka Kitigania tunaingia Kiimenti. Iwapo wimbo unafunzwa na majirani, lahaja haina budi kuzuka. Iwapo unazaliwa nao, basi haiwezi.

Mwaka 1956 Thorpe alitoa kitabu kikubwa kuhusu kujifunza na silika kwa wanyama, na mwaka 1961 kingine, kifupi zaidi, kuhusu wimbo wa ndege. Hadi hapo nadharia ilikuwa safi. Dume huimba, kinda dume hujifunza kwa dume mzima, wimbo ni tangazo la kumiliki eneo na la kumwita jike. Jike wa chiriku hunyamaza. Naomba msomaji alitazame hili kwa makini, kwani ndilo kasoro iliyojificha. Nadharia ya wimbo wa ndege duniani ilikuwa imejengwa juu ya ndege wa bustani za Ulaya, ambao wengi wao majike hawaimbi. Ni sawa na mtu kuandika sarufi ya lugha za ulimwengu baada ya kusoma Kiingereza na Kijerumani.

Kasoro hiyo ilifichuliwa na kanda za sauti kutoka Kenya. Myles North alikuwa ofisa wa utawala wa kikoloni nchini humu, na kwa muda wake wa ziada alinasa sauti za ndege. Mwaka 1958 maabara ya elimu ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ilitoa santuri ya sauti za ndege wa Afrika aliowanasa, na ya pili ikafuata mwaka 1964. Nakiri kwamba kila nikiifikiria kazi hiyo moyo wangu hugawanyika. Katika miaka hiyohiyo ya 1950, chini ya sheria za hali ya hatari, serikali ile ile iliyomwajiri North ilikuwa ikiwahamisha Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwasonga katika vijiji vilivyolindwa. Serikali iliyokuwa ikiwanyamazisha watu ilikuwa na mtumishi mwenye subira ya kumsikiliza tiva. Simlaumu mtu binafsi, ila sioni jinsi ya kusimulia habari hii bila kulitaja hilo.

Thorpe alipozichora kanda za North kwenye spektrografu, alikutana na jambo ambalo chiriku hakumwandaa kwalo. Makala yake ya mwaka 1963 yalishughulikia kasi. Katika michoro ya tiva mwekundu, Laniarius erythrogaster, ndege wa maeneo ya Ziwa Victoria mwenye mgongo mweusi na kifua chekundu, jibu la ndege wa pili lilifuata kwa wastani wa milisekunde 144, yaani takriban sehemu moja ya saba ya sekunde. Tofauti baina ya jibu moja na jingine zilikuwa ndogo mno. Sikio la binadamu haliwezi kuona mshono hapo. Ndiyo sababu mimi na wenzangu kule Mikinduri tulisikia ndege mmoja.

Kisha Thorpe na North wakashirikiana kumchunguza tiva mweusi kwa mweupe, yule wa kwetu, na kuchapisha makala mwaka 1965 na mwaka 1966. Waliyoyaona ni haya. Dume na jike huimba wote wawili. Yeyote kati yao aweza kuanza, na yeyote aweza kuimba sehemu yoyote. Sehemu za leo za dume zaweza kuwa za jike kesho. Kila jozi hujitungia mipangilio yake, ikawa na hazina ya nyimbo ambayo majirani hawana. Mara nyingine hata ndege watatu huungana katika wimbo mmoja. Na mwenzi mmoja anapokosekana, yule aliyebaki aweza kuuimba wimbo mzima peke yake, sehemu yake na ya mwenzake.

Hoja hii ya mwisho ndiyo iliyompa Thorpe tafsiri. Iwapo ndege anaijua sehemu ya mwenzake na kwa kawaida haiimbi, basi anamwachia nafasi kwa makusudi. Thorpe aliona kwamba ufundi wa kuiga sauti, ambao kwa chiriku ulionekana kuwa njia ya kurithi wimbo wa kabila zima, kwa tiva ulikuwa njia ya watu wawili kutambuana na kushikamana ndani ya msitu mzito wasimoweza kuonana. Wimbo ulikuwa kama jina la jozi. Mtazamo huu ulitofautiana sana na ule wa awali. Kujifunza hakukuwa tena kwa mtoto kutoka kwa baba tu. Kulikuwa makubaliano ya watu wazima wawili.

Likizo iliyofuata baada ya kuyasoma haya nilisimama upande mmoja wa ua wa shamba letu na ndugu yangu mdogo akasimama upande wa pili. Tulikubaliana kwamba kila mmoja anyooshe mkono atakaposikia sauti karibu yake. Filimbi ilipolia, nilinyoosha mimi. Mkwaruzo ulipolia, akanyoosha yeye. Tulicheka kama watoto. Mama alitoka kuuliza kama tumerukwa na akili, nasi tukamwonyesha; baada ya dakika chache naye alikuwa amesimama katikati, akigeuza shingo huku na huku.

Istilahi nayo ilinisumbua. Nilifikiria kuuita uimbaji huu malumbano, lakini malumbano yana ushindani, na tiva hawa hawashindani wao kwa wao. Kujibizana nako hakutoshi, kwa sababu aliye wa pili huanza kana kwamba alijua mapema. Nimeamua kutumia kupokezana, kama wafanyavyo waimbaji wa ngoma zetu, kiitikio kikiingia kabla pumzi ya kiongozi haijakatika. Mwenye neno bora na atuletee.

Mwaka 1966 Thorpe alifanywa profesa wa taaluma ya mienendo ya wanyama huko Cambridge, cheo alichokishika hadi mwaka 1969. North aliaga dunia mwaka 1967. Thorpe aliendelea, na mwaka 1972, pamoja na wenzake, akiwemo mwanamuziki Joan Hall-Craggs, alitoa utafiti mrefu kuhusu ndege wanaopokezana nyimbo. Mwaka 1973 aliuandikia umma wa wasomaji wa jarida la Scientific American habari hizohizo. Si kila alilolisema limesimama. Watafiti waliomfuata wameonyesha kwamba jozi ya tiva huimba pia ili kulinda eneo lao dhidi ya jozi nyingine, na wengine wanaona kwamba ulinzi huo una uzito kuliko mapenzi. Lakini jambo la msingi limepata nguvu kupita alivyotarajia yeye. Mwaka 2014 utafiti uliokusanya habari za ndege waimbaji wa dunia nzima ulionyesha kwamba majike huimba katika asilimia 71 ya spishi zilizochunguzwa, na kwamba yamkini mababu wa ndege hao waliimba dume na jike. Jike anyamazaye wa bustani za Uingereza ndiye aliyeacha desturi.

Thorpe hakujifungia maabarani. Alikuwa mjumbe wa kamati ya Brambell, iliyoundwa na serikali ya Uingereza kuchunguza hali ya mifugo wanaosongamanishwa katika mabanda ya kisasa, na ambayo ilitoa ripoti yake mwaka 1965. Thorpe ndiye aliyeiandikia kamati hiyo maelezo kuhusu jinsi ya kupima maumivu na dhiki ya mnyama asiyeweza kusema. Kati ya mwaka 1969 na 1971 alitoa mihadhara ya Gifford katika Chuo Kikuu cha St Andrews, akijadili maumbile ya mnyama na ya binadamu. Ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1974. Humo alikataa kuwagawanya viumbe kwa ukuta mmoja, huku akisisitiza kwamba lugha ya binadamu ina kitu ambacho wimbo wa ndege hauna. Muumini ndani yake na mwanasayansi ndani yake waliandika kitabu hicho pamoja, na wapo walioona kwamba hawakuelewana vizuri. Mimi si mmoja wao.

Kile kituo cha Madingley kilipanuka kuliko mwanzilishi wake alivyokipanga. Hinde, msimamizi wake wa kwanza, ndiye aliyekuja kumwongoza Jane Goodall katika shahada yake ya uzamifu kuhusu sokwe wa Gombe, Tanzania. Marler alihamia Marekani akaanzisha ukoo wake mwenyewe wa watafiti wa wimbo wa ndege.

Thorpe alifariki mjini Cambridge tarehe 7 Aprili 1986, siku sita baada ya kutimiza miaka 84. Wakati huo tiva wa Meru na tiva wa pwani walikuwa bado wanaitwa kwa jina moja.